Mlango wa Jikoni

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza kidato cha sita mwaka juzi, mchepuo wa CBG. Biolojia akapata C, Jiografia C, Kemia S. Kwa ambao hawajawahi kukalia kikao cha familia cha kujadili matokeo, niseme tu kwamba S ni herufi ya ajabu. Hujafeli, lakini kwenye kuomba chuo haihesabiki kama umefaulu. Na shahada aliyokuwa akiitaka yeye, Lishe ya Binadamu, inadai Kemia.

Kikao kikakaa. Baba mdogo akashauri ualimu. Shangazi akashauri utalii, kwa sababu binti anajua kuongea na watu. Mwenyewe alikuwa ameshaamua. Atasoma mwaka wa maandalizi, huu ambao vijana wanauita faundesheni, airudie Kemia kwa kiwango cha kuingilia chuo, halafu aombe upya. Mwaka mmoja zaidi, ada zaidi, na uhakika hakuna.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema, "Mwaka mzima wa kurudia Kemia, ili ukasomee kupika?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanijibu kwa upole tu, "Kaka, wewe ulisoma miaka mitatu ili uandike. Kuandika si kila mtu anajua?"

Nina zaidi ya miaka kumi kwenye uandishi wa habari na sikumbuki kushindwa hoja haraka kiasi kile. Nikaanza kusoma historia ya somo lake, na nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa natafuta jibu la kumrudishia. Jibu sikulipata. Nilichopata ni kwamba kejeli yangu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia, na ilishasemwa na watu wenye majoho makubwa kuliko langu. Nikagundua pia kwamba somo la lishe lenyewe liliingia chuo kikuu kwa njia ileile anayoingilia mdogo wangu. Lilipitia mlango wa nyuma, ule wa jikoni, tena baada ya kuambiwa lisubiri.

Kujua ni kimoja, kufundisha ni kingine

Kwamba chakula kinaponya, binadamu amejua siku nyingi. Mwaka 1747 daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapewa tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Pamoja na hayo, jeshi la wanamaji lilisubiri hadi 1795 ndipo likaagiza mabaharia wapewe maji ya malimau. Lind alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliokuwa wakilishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu na kuanguka. Walipopewa mchele wenye kumvi zake za ndani, wakasimama. Mwaka 1912 Casimir Funk akatupatia neno lililozaa hili letu la vitamini. Mwaka 1929 Eijkman na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa angalia orodha hiyo. Madaktari na wanakemia watupu, wote wanaume. Walifika kwenye chakula wakiwa njiani kwenda kwingine, kwenye magonjwa, kwenye meli, kwenye magereza. Hakuna aliyefikiri kwamba kijana anaweza kuingia chuo kikuu siku ya kwanza akasema, mimi nimekuja kusoma chakula. Chakula kilikuwa mambo ya jikoni, na jikoni kulikuwa na wenyewe. Hao wenyewe nao chuoni hawakuruhusiwa.

Mwanafunzi aliyesamehewa ada

Mwaka 1870 binti mmoja wa Marekani, Ellen Swallow, aliomba kusoma kemia katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, hii tunayoijua leo kama MIT. Taasisi haikuwahi kupokea mwanamke. Wakuu wakakaa, wakajadiliana, wakakubali kumpokea kama mwanafunzi maalumu, bila kulipa ada.

Yeye alidhani wamemhurumia kwa kuwa kwao hawakuwa na uwezo. Baadaye ndipo alipoelewa. Asiyelipa ada hayumo kwenye vitabu vya taasisi, na akitokea mtu wa kulalamika, mkuu angeweza kusema kwamba huyo si mwanafunzi wao. Alikuja kusema kwamba angalijua hivyo tangu mwanzo asingekwenda.

Lakini alikwenda. Na ili wasipate sababu ya kumfukuza, alijifanya wa manufaa. Alifagia, alipangusa vumbi, alikuwa na sindano na uzi tayari kwa profesa ambaye kitu chake kimefumuka. Mwaka 1873 akapata shahada ya kemia, mwanamke wa kwanza pale. Shahada ya uzamivu hawakumpa. Mwaka 1876 ikafunguliwa maabara ya wanawake, naye akawa mmoja wa waliofundisha humo, bila mshahara kwa muda mrefu.

Akiwa na kemia hiyo mkononi, Ellen Swallow, ambaye alipoolewa alikuja kuitwa Ellen Richards, alirudi kule walikokuwa wanataka abaki, yaani jikoni. Alipima maji, alipima unga na sukari za madukani kuona kama zimechanganywa uchafu. Mwaka 1890 yeye na wenzake walifungua jiko la umma mjini Boston, wakiuza chakula rahisi kilichopimwa viini vyake kwa watu wa kipato cha chini. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 waliweka jiko jingine, ambapo mlaji alikuwa anaambiwa chakula alicholetewa kina protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, wanga kiasi gani. Vibandiko tunavyovisoma leo nyuma ya paketi vina ndugu zao pale.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Jiko la Boston halikuwavuta maskini kama walivyotarajia. Wahamiaji wa Ireland na Italia walionja ule mchuzi uliopimwa wakarudi kwenye vyungu vyao. Walikuwa na ladha za kwao, na hakuna aliyewauliza wanapenda nini. Weka kumbukumbu hapo, maana kosa hili litarudi tena, na safari hiyo litakuja huku kwetu.

Shahada iliyotoka kwenye masufuria

Ng'ambo ya pili ya bahari, London, chuo cha wanawake cha King's College kilianza kozi za sayansi ya nyumbani mwaka 1908. Kejeli zikamwagika. Kinachonishangaza ni kwamba waliopinga hawakuwa wanaume peke yao. Wapo wanawake wasomi waliopinga kwa hofu inayoeleweka kabisa. Wamepigana miaka na miaka watoke jikoni waingie chuoni, na sasa chuo kinawaletea jiko mlangoni?

Kozi zikaendelea hata hivyo. Mwaka 1928 idara ile ikawa chuo kinachojitegemea ndani ya Chuo Kikuu cha London, chenye jina refu la sayansi ya nyumbani na jamii. Ndicho alichopitia Elsie Widdowson.

Widdowson hakuwa na S ya Kemia. Alikuwa mkemia kamili, mwenye shahada ya Imperial College. Tatizo lake ni kwamba kazi za kudumu kwa mwanamke mkemia zilikuwa adimu, akashauriwa asomee ulishaji wa wagonjwa. Mwaka 1933, akifanya mazoezi kwenye jiko kubwa la hospitali ya King's College, alimkuta daktari mmoja akileta minofu ya nyama ipikwe, ili apime kinachopotea nyama inapopikwa. Daktari huyo ni Robert McCance. Widdowson alisoma takwimu zake za sukari kwenye matunda akamwambia zina kosa, kwa sababu njia yake ya kupima ilikuwa inaharibu sehemu ya sukari yenyewe. McCance hakukasirika. Alitafuta fedha ili binti yule afanye kazi naye, wakafanya kazi pamoja miaka 60.

Mwaka 1940 walitoa majedwali ya viini vya vyakula, chakula kimoja kimoja, kibichi na kilichopikwa. Majedwali hayo yamerekebishwa mara nyingi na hadi leo wanafunzi wa lishe wa Uingereza wanayatumia. Vita ilipokuja, wao wenyewe na wenzao waliishi kwa miezi kwa mkate, viazi na kabichi kwa wingi, na vitu vingine kidogo kidogo, halafu wakaenda kupanda milima kaskazini ya Uingereza kuona kama mwili utakataa. Haukukataa. Kilichopungua kilikuwa kalsiamu, na kwa ushauri wao unga wa mkate wa Waingereza ukachanganywa chokaa safi.

Mwaka 1953 chuo kile cha sayansi ya nyumbani kilipewa jina jipya, Queen Elizabeth College, na mwaka huohuo, kwa msukumo wa profesa John Yudkin, kikaanzisha shahada ya kwanza ya lishe katika chuo kikuu chochote cha Ulaya. Hesabu mwenyewe: tangu Lind na malimau yake, zimepita zaidi ya miaka 200. Na shahada hiyo haikutoka kwenye vyuo vikongwe vya tiba. Ilitoka kwenye chuo ambacho watu walikuwa wanakiita cha kusomea upishi.

Nilipofika hapa nilimtumia mdogo wangu ujumbe: "Umeshinda raundi ya kwanza." Akajibu kwa kikatuni cha kucheka, na picha ya daftari lililojaa hesabu za moli.

Maswali waliyoulizwa na wasiyoulizwa

Huku kwetu sayansi hii iliingia na mkoloni, na kwa muda mrefu ilikuja na mizani lakini bila masikio. Utafiti uliovuma zaidi ulichapishwa mwaka 1931, wa John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, na John Boyd Orr wa Scotland, ambaye baadaye aliongoza FAO kwa mara ya kwanza na kupata Nobel ya Amani. Walilinganisha Wamaasai, wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wa nafaka na viazi. Wamaasai wakaonekana warefu zaidi, wazito zaidi, wenye nguvu zaidi. Hitimisho lililokaa vichwani mwa wengi likawa jepesi: Mwafrika mkulima anakula vibaya, anahitaji maziwa.

Ila kwenye ripoti hiyohiyo kulikuwa na jambo lililopita chinichini. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko waume zao, na afya zao zilikuwa afadhali. Kumbe ndani ya nyumba moja kulikuwa na vyakula viwili. Na suala la ardhi je? Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa mashamba, wanaume wamepelekwa kwenye vibarua, na mtu anayelishwa posho kazini hali kama anavyokula kwake. Maswali hayo yakaachwa kwa wanahistoria wa baadaye.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bara, alikuwepo daktari aliyeuliza.

Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893. Naye aliingia chuo kwa mlango wa pembeni: Oxford ilimpokea kusoma udaktari mwaka 1916, wakati wanaume wengi wako vitani na viti viko wazi. Mwaka 1929 alipelekwa Gold Coast, Ghana ya leo. Huko akawaona watoto wa mwaka mmoja hadi minne, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi na kuwa nyekundu, ngozi inachubuka, wamenuna, hawataki kucheza wala kula. Kwenye vitabu vyake ugonjwa huo haukuwemo.

Akawauliza akina mama wanauitaje. Wakamwambia kwa Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mdogo wake anapozaliwa.

Fikiria uzito wa jina hilo. Ndani ya neno moja kuna umri wa mgonjwa, chanzo, na saa ugonjwa unapoanza. Mtoto anaachishwa ziwa kwa sababu mwingine anakuja, anapewa uji wa mahindi mtupu, baada ya wiki kadhaa anavimba. Williams aliandika makala ya kwanza mwaka 1933 na ya pili mwaka 1935 kwenye jarida la Lancet, na hiyo ya pili ndiyo yenye jina walilompa akina mama. Bingwa mmoja wa magonjwa ya tropiki, Hugh Stannus, akampinga kwamba hiyo ni pelagra tu na inajulikana. Ubishi ukachukua miaka. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell naye alishikilia kwanza kwamba ni pelagra ya watoto, kisha akabadili mawazo, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili wakatoa kitabu kizima chenye jina lilelile la Kiga. Mulago hiyohiyo ndipo kilipokuja kuanzishwa, katika miaka ya 1960, kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake mgonjwa akafundishwa kumponya kwa vyakula vya sokoni kwake. Jina la kituo limetoka kwenye methali ya Kiganda. Jiko likarudishwa kwa mwenye jiko.

Hata hivyo wasomi hawakupona kabisa ugonjwa wa kupenda jibu moja. Baada ya vita dunia ikashikwa na homa ya protini. Kila tatizo la mtoto wa Afrika likawa ni upungufu wa protini, kukatengenezwa unga wa samaki, unga wa soya, maziwa ya unga, hadi mwaka 1974 Donald McLaren akaandika kwenye Lancet kwamba jambo zima lilikuwa kituko kikubwa. Watoto wengi walikosa chakula cha kutosha cha kila aina, wakaugua kuhara na surua juu yake, na hakuna poda ya kutibu hayo. Kwa nini mtoto mmoja anakonda na mwingine anavimba, wataalamu wanaendelea kubishana hadi leo.

Mizani chini ya mwembe

Tanzania ina sura yake kwenye hadithi hii, na nadhani hatuisimulii vya kutosha.

Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huohuo redio ilikuwa inaunguruma na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwa vikundi kusikiliza na kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee wetu wanaikumbuka hadi leo.

Halafu ikaja Iringa. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa ushirikiano wa serikali, WHO na UNICEF na fedha za Italia, vijiji 168 viliingizwa kwenye mpango wa lishe. Hawakuanza na poda. Walianza na mizani ya kuning'iniza. Kila baada ya miezi mitatu siku ya afya ya kijiji ilitangazwa, watoto wakapimwa uzito, na matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji. Wangapi wameshuka? Wa nani? Kwa nini? Majibu mara nyingi hayakuwa chakula. Mama yuko shambani kutwa nzima. Maji yako mbali. Mtoto anakula mara mbili kwa siku kwa sababu hakuna wa kumpikia mara nne. Kwa hiyo kijiji kilianzisha sehemu ya kulelea watoto na kuwapa uji, kingine kikajadili kazi za wanawake. Watoto wenye utapiamlo mkali wakapungua sana ndani ya miaka michache.

Kutokana na kazi hiyo wataalamu wa Tanzania na wa UNICEF waliokuwa nchini walichora mchoro unaopanga sababu za utapiamlo kwa ngazi tatu: zile za karibu, chakula na maradhi; zile za chini yake, za kaya, malezi na huduma; na mizizi, ambayo ni uchumi, siasa na nani ana amri juu ya rasilimali. UNICEF iliuchukua mwaka 1990 ukaenda dunia nzima. Mwanafunzi wa lishe wa mwaka wa kwanza, awe Morogoro, London au Manila, anafundishwa mchoro uliozaliwa kwenye mikutano ya vijiji vya Iringa.

Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nacho kikafuata njia ileile ya London bila shaka yoyote. Kwa miaka kadhaa shahada yake iliunganisha Sayansi Kimu na Lishe ya Binadamu kwenye jina moja. Sayansi Kimu, yaani lile somo la wasichana la kushona na kupika tulilokuwa tukilicheka shuleni, ndilo lililoshika mkono somo la lishe likavuka nalo kizingiti.

Sasa kinachouma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake. Iringa ya mahindi, ya maharage, ya viazi. Iringa ya mizani na mikutano. Maarifa hayarithiwi kama shamba. Mradi ukiisha, mizani ikiharibika, mhudumu akizeeka, lazima awepo mtu mwingine aliyesomea jambo hilo na aliye tayari kwenda kukaa kijijini. Na mtu huyo lazima atoke mahali fulani.

Mwaka mmoja kizingitini

Narudi kwenye faundesheni. Kwa wenzetu Uingereza, shahada ya lishe yenye mwaka wa maandalizi inachukua miaka minne badala ya mitatu. Mwaka wa kwanza ni wa biolojia, kemia, hesabu na namna ya kuandika kitaaluma, kwa ajili ya aliyesoma mchepuo mwingine, aliyeacha shule akalea watoto, aliyefanya kazi jikoni miaka 10 na sasa anataka kujua kwa nini. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kina programu ya namna hiyo.

Hoja za wapinzani nazifahamu, mimi nilikuwa mmoja wao. Ni gharama. Ni mwaka mzima wa umri. Wapo wanaoingia wakashindwa na deni likabaki. Na mlango wowote wa pembeni unaweza kugeuzwa genge la biashara. Haya yote ni kweli na yanahitaji kusimamiwa.

Lakini nimeshindwa kupata ndani ya historia hii mtu muhimu aliyeingia kwa mlango mkuu bila kusukumwa. Ellen Swallow alikuwa mwanafunzi asiyekuwepo kwenye vitabu. Cicely Williams aliingia kwa sababu ya vita. Elsie Widdowson alitumwa jikoni kwa sababu maabara zilimfungia, na huko akakutana na kazi ya maisha yake. Tukichuja kwa herufi moja tu ya Kemia tunawapata wanaojua Kemia, na tunawahitaji sana. Ila somo hili limekuwa likisogezwa na watu waliojua Kemia na pia wakajua kuuliza, "Mama, huu ugonjwa nyinyi mnauitaje?" Cha kwanza kinafundishika kwa mwaka mmoja. Cha pili sina hakika.

Mdogo wangu aliuliza. Ilikuwa mwezi wa nne, yuko katikati ya mwaka wake. Alikuwa amesoma kuhusu kwashakoo akaja nyumbani wikiendi, tukiwa tunachambua mchicha barazani na mama. Akamuuliza mama, huu ugonjwa kwenu Kilosa mlikuwa mnauitaje.

Mama akanyamaza kidogo. Akasema, "Kubemendwa."

Wengi wetu tunalijua neno hilo. Mtoto anayenyonya akidhoofika, watu wanasema wazazi wamembemenda, hawakujizuia, au mama kashika mimba nyingine mapema, au katoka nje ya ndoa. Akina mama wa Accra na wa kwetu waliona kitu kilekile: mtoto anaharibika pale mwingine anapokuja. Ila jina la kule linamtazama mtoto aliyeondolewa. La kwetu linamtazama mama na kumnyooshea kidole.

Ndipo mama akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Bibi alizaa watoto tisa, wakabaki sita. Hilo tulilijua. Mmoja wa wale watatu alikuwa kaka yake mama, alikuwa na miaka miwili hivi, alivimba miguu na nywele zikawa kama za mahindi. Mama alikuwa tayari tumboni. Ukoo wa babu ulikaa kikao, bibi akaambiwa amembemenda mtoto. Hakujitetea. Aliishi miaka zaidi ya 50 baada ya hapo, na kila mtoto wa jirani alipougua, yeye hakwenda kumtazama mpaka apone.

Mdogo wangu akaanza kueleza, polepole, kwa Kiswahili cha kawaida. Uji mtupu, maziwa ya mama kukatizwa, homa na kuhara. Akasema kwamba hata maprofesa hawajamaliza kubishana juu ya kuvimba kule, lakini kwamba mama alivunja mwiko, hapana, hilo halimo.

Mama aliendelea kuchambua mchicha. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu, "Kwa hiyo halikuwa kosa lake?"

"Hapana, mama."

Mtihani wa Kemia ulikuwa baada ya wiki tano. Alipata B. Mwezi wa kumi ameanza mwaka wa kwanza wa Lishe, na juzi kanipigia kuniomba hela ya koti la maabara. Nimemtumia bila kusema neno.